Vidonge vya Magnesiamu na Zinki Vinaweza Kukutoa kwa Mtungi? Soma Hii Kwanza

Umeamka na lock, mikono inatetemeka, umeapa hutaguza keroro tena. Beshte yako anakushow, "Enda kemisti ununue magnesiamu na zinki, hiyo hamu itaisha yenyewe." Hapo kuna ukweli, lakini ni nusu tu. Ile nusu ingine inaweza kukuua.

Tuanze na ukweli. Ukilewa kila siku, figo zako zinatoa magnesiamu nyingi kwa mkojo. Ongeza kutapika, kuhara na zile siku unashinda na smokie moja tu, unabaki bila akiba. Magnesiamu ikishuka sana, misuli inakaza na moyo unaanza kupiga ovyo. Zinki pia hupungua, haswa kama ini limeumia.

Kuna pia vitamini B1. Hii si madini, lakini ubongo unaihitaji ndio utumie sukari, na bila magnesiamu ya kutosha haifanyi kazi vizuri. Ikiisha, msee anachanganyikiwa, anayumba hata kama hajakunywa, na anaweza kupoteza kumbukumbu kabisa. Ndio maana hospitalini walevi hudungwa B1 na kupimwa damu ili warudishiwe madini yaliyopungua.

Sasa shida iko wapi? Vidonge vinarudisha kile pombe ilichukua, lakini haviondoi uraibu. Hamu iko kwa ubongo, na dawa zake ni zingine: kuna naltrexone, acamprosate na disulfiram. Hizo unaandikiwa na daktari, na zinaenda pamoja na ushauri nasaha.

Hatari kubwa ni hii. Kama umekuwa ukipiga mzinga kila siku, usijifungie kwa keja na pakiti ya vidonge ukisema leo ndio mwisho. Masaa machache baada ya kuacha ghafla, unaanza kutetemeka na kutoa jasho. Ndani ya siku mbili za kwanza unaweza kupata kifafa. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, wengine wanaona vitu ambavyo haviko, joto linapanda, na wengine hufa. Magnesiamu haiwezi kuzuia hiyo. Hospitali iko na dawa za kutuliza mwili ndio uache polepole na salama.

Na usimeze madini kiholela. Kama figo zako ni mbovu, magnesiamu na potasiamu zinaweza kujaa kwa damu zikuumize. Chuma nayo ikizidi inaharibu ini ambalo tayari limechoka. Pima kwanza. Ukiweza kula, anza na terere, ndengu, maharagwe, njugu na mayai.

Kama ni wewe, ama ni msee wa mbogi yako, piga 1192. Ni laini ya NACADA, haikati kredo, na utaelekezwa pa kupata usaidizi. Na ukiona mtu ameacha pombe juzi na sasa anaongea na ukuta, usimtafutie kidonge. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.