Mdosi akipunguza watu, soma kabla ya kutia sahihi

Kaa dakika chache karibu na njia panda ya Emali, pale barabara ya Mombasa inapokutana na ile ya kwenda Loitokitok, uhesabu nani ameandikwa kazi: wahudumu wa hoteli, vijana wa petroli, mawachimeni, watu wa stoo. Mizigo ilipoanza kupanda SGR mwaka wa 2018, miji ya barabarani iliguswa mfukoni. Na biashara ikibana, neno la kwanza huwa "tunapanga upya kampuni."

Sawa, apange. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inamdai. Anapaswa kukuandikia wewe, au chama chako kama ni mwanachama, na pia afisa wa leba, mwezi mmoja mapema, akieleza sababu na ni wangapi wanaenda. Kuchagua wa kutoka si kwa chuki; kuna muda uliofanya kazi, ujuzi na kutegemeka.

Kisha doo. Siku za likizo ulizobakisha, notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi badala yake, na malipo ya kuachishwa: si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ukilipwa 20,000 kwa mwezi na umefanya miaka minne na miezi tisa, hesabu ni ya miaka minne, karibu 40,000. Ile miezi tisa haihesabiwi, inauma lakini ndiyo sheria.

Na usidanganywe eti wewe ni kibarua tu. Ukifanya kazi mfululizo mwezi mzima au zaidi, sheria inaacha kukuona wa kutwa.

Mtego mkubwa ni karatasi. Unaitwa ofisini, unaambiwa andika umejiuzulu "ili mambo yaende haraka." Aliyejiuzulu hana hayo malipo! Hata ile ya "nimelipwa yote, sidai" korti zimewahi kuikubali dhidi ya mfanyakazi. Omba nakala, nenda nayo nyumbani.

Kampuni kubwa nazo hushtakiwa. Kenya Airways ilipoachisha wanachama 447 wa chama cha wafanyakazi wa ndege mwaka wa 2012, kesi ilifika hadi Mahakama ya Rufaa. Hawakurudishwa kazini, ila majaji walisisitiza kuwa kushauriana kabla ya kupunguza watu ni lazima.

Una miaka mitatu ya kudai. Weka payslip, jumbe za M-Pesa za mshahara, hata picha ya ratiba ya shifti, na udai cheti cha kazi, hicho unapewa hata kama mmekosana.