Mpiga obokano, DJ wa filamu na usiku wa Gusii

Jina likitajwa, mtu huinuka. Gita la besi linanguruma, na katikati ya wimbo mwimbaji anamsalimu mwenye sherehe, baba yake, ukoo wake na soko analotoka. Aliyetajwa huja mbele akicheza, humbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, na maneno yanayofuata huwa yake. Ndivyo usiku wa muziki unavyokwenda Kisii na Nyamira, nchi ya Gusii magharibi mwa Kenya, na ndivyo unavyokwenda hata Brooklyn Park, Minnesota, ambako Wakisii wengi wamehamia. Vijana waliozaliwa huko huuliza kwa nini wimbo mmoja uwe mrefu hivyo na nusu yake iwe salamu. Jibu lina historia, na historia hiyo inapita hata kwenye vibanda vya video.

Kabla ya gita kulikuwa na obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane. Bakuli lake huchongwa kwa mti na kuwambwa ngozi; nyuzi zilizokuwa za kano za ng'ombe siku hizi aghalabu ni za nailoni. Ni kikubwa kuliko nyatiti ya majirani Wajaluo, ambayo nayo ina nyuzi nane, na sauti yake ni nzito zaidi. Nyuzi za chini huvuma kwa mtetemo mkavu, na aliyekaa karibu huusikia kifuani.

Mpigaji hukaa kwenye kigoda, obokano mbele yake, akapiga na kuimba mwenyewe. Harusini humsifu bwana harusi na watu wake. Matangani humlilia marehemu kwa kuwataja aliowaacha. Kwa hiyo kazi yake huanza kabla ya kugusa uzi: huyu ni wa nani, ameoa wapi, babu yake alijulikana kwa lipi? Nyuzi hurudia msingi uleule, na juu yake maneno hutungwa papo hapo. Asiyewajua waliokaa mbele yake hana la kuimba.

Benga, muziki wa magita, ilikuta watu wamekwisha kuzoea hayo. Mtindo huo ulikua kwa Wajaluo, hasa katika miaka ya 1960, wapiga gita walipoufuata ufundi wa nyatiti, kisha ukapanda milima ya Gusii. Christopher Monyoncho na Kebirigo Boys Band, walioibeba sifa ya soko la Kebirigo huko Nyamira, waliipiga kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii. Arisi O'Sababu naye aliimba kwa gita akapendwa kote Gusii. Kericho, jirani wa Nyamira, kulikuwa na Chandarana, duka lililorekodi bendi nyingi za magharibi mwa Kenya.

Santuri ilikuwa na nafasi finyu, hata wimbo mmoja wa benga mara nyingi uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Jukwaani hakuna mpaka huo. Beti zikiisha, magita hushika kasi, wachezaji hujaa uwanjani, na hapo ndipo majina hupata nafasi yake. Urefu ambao vijana wa Minnesota wanaushangaa ndio muda ambao kila aliyekuja hutambuliwa.

Msimu nao una neno. Wakulima wa chai wa Nyamira na Kisii hulipwa bonasi ya mwaka na KTDA, shirika linalouza chai yao, karibu na Oktoba. Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka huja tohara na sherehe za vijana wanaotoka jandoni, kisha harusi na harambee. Bendi ambayo Mei ilikuwa ikitafuta kazi, Desemba hutafutwa yenyewe.

Filamu zilifika kwa njia nyingine, lakini zikakutana na ufundi uleule. Kaseti za VHS zilipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, masoko yalipata vibanda vya video: ubao wa chaki mlangoni wenye majina ya filamu za siku, pazia zito la kuzuia mwanga, mabenchi, televisheni juu ya rafu, na jenereta nyuma ya ukuta pale ambapo stima haikuwa imefika. *Commando* ya 1985 na filamu za Bruce Lee na Jackie Chan zilirudiwa mpaka watazamaji wakazijua pigo kwa pigo.

Aliyezifanya ziwe zao ni msimulizi. Nchini Kenya anayejulikana kuliko wote ni DJ Afro, ambaye sauti yake hutandazwa juu ya filamu kwa Kiswahili cha mtaani. Hafuati sentensi moja moja. Humpa shujaa jina la utani, humwonya adui, hutabiri kipigo kinachokuja, kisha hunyamaza ngumi isikike. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu. Uganda ina VJ Jingo, na pia VJ Emmie, ambaye sauti yake haitengani na *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya mwaka 2010 ya Nabwana I.G.G. kutoka mtaa wa Wakaliga, Kampala. Filamu hiyo ya bei ndogo sana imepata wapenzi dunia nzima, na wengi wao huipenda kwa sababu ya msimulizi.

Kazi ya msimulizi na ya mpiga obokano ni moja. Msingi upo tayari, uwe nyuzi nane au picha za Hong Kong, na kila mmoja huujaza watu wa pale alipo. Likarion Wainaina aliliona hilo katika *Supa Modo* ya 2018: Mike anaendesha video kijijini na kuzisimulia, na kijiji kizima kinaungana kutengeneza filamu ambayo Jo, msichana mgonjwa, ndiye shujaa wake.

Siku hizi simu imechukua watazamaji wengi, na vibanda vilivyobaki hutegemea sana mechi za Ligi Kuu ya Uingereza. Muziki wa Gusii nao umeingia kwenye simu. Embarambamba, aliyevuma kama mwimbaji wa Injili, amejulikana kwa video ambamo hujitupa matopeni na kuning'inia mitini, kwa vishindo ambavyo zamani vilitazamwa gizani kwenye mabenchi. Wakati huohuo Grandmaster Masese, mshairi na mwanaharakati, anaipiga obokano mbele ya vijana wa Nairobi.

Anayepanga kwenda nyumbani Desemba aulize mapema ni sherehe ya nani na bendi ni ipi. Abebe noti ndogondogo, kwa kuwa atatajwa. Na akisikia kuna mpiga obokano, akae mbele: vipaza sauti vingi huimeza ile mivumo ya chini, ambayo ndiyo utamu wenyewe.