Kusomea lishe sio kusomea upishi!

Jaribu siku moja kuwaambia watu wa nyumbani kwamba ukimaliza Kidato cha Sita unataka kwenda chuo kikuu kusomea lishe. Mara nyingi jibu ni kicheko. "Yaani tuuze ng'ombe, tukulipie ada miaka yote hii, halafu uende kujifunza kupika?" Mjomba atatikisa kichwa. Na marafiki shuleni wataanza kukuita mama ntilie, hata kama wewe ni mvulana.

Usikasirike. Waulize swali moja tu: hivi ni mkoa gani Tanzania Bara ambako udumavu wa watoto ni mkubwa zaidi?

Wengi watataja mkoa wenye ukame. Wamekosa! Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa ndiyo iliyoongoza. Zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa na kimo kifupi kuliko umri wao unavyotaka. Njombe na Rukwa zilifuata kwa karibu. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi! Mahindi yamejaa ghalani, maharage yapo, viazi kibao. Kwa nchi nzima, watoto 30 katika kila 100 walikuwa wamedumaa.

Inakuwaje mtoto adumae huku ghala limejaa? Kulijibu swali hilo ndiyo kazi ya mtaalamu wa lishe.

Kushiba sio kulishwa vizuri

Mtoto akipewa uji wa mahindi mtupu, anashiba. Lakini tumbo lake ni dogo, na limejaa maji na wanga. Protini, madini ya chuma, zinki na vitamini A anavipata kidogo sana. Mayai na maharage yamepelekwa sokoni. Mama yuko shambani tangu alfajiri, kwa hiyo mtoto anakula mara chache. Akiharisha kwa sababu ya maji machafu, hata kile kidogo kinapotea.

Madhara haya hujengeka zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, yaani toka mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka 2. Baada ya hapo ni vigumu sana kuyarekebisha. Wala sio kimo tu kinachoathirika, ubongo nao haukui inavyotakiwa. (Angalizo: sio kila mtu mfupi amedumaa, kwa hiyo usianze kumcheka jirani yako wa dawati!)

Chuoni unasoma nini?

Chuo kinachojulikana zaidi kwa fani hii nchini ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kule Morogoro. Huko unasoma kemia ya mwili, yaani jinsi chakula kinavyogeuzwa kuwa nguvu, damu na misuli. Unasoma magonjwa, takwimu, usalama wa chakula na namna ya kuzungumza na jamii. Kupika kupo pia, ila ni sehemu ndogo tu.

Halafu kuna mafunzo kwa vitendo. Utajifunza kupima uzito na urefu, na kutumia ule mkanda wenye rangi tatu unaozungushwa kwenye mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono wenye mzunguko chini ya sentimita 11.5 unaangukia kwenye rangi nyekundu. Huyo ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu haraka, sio ushauri wa mdomo tu.

Kazi zenyewe ziko wapi?

Halmashauri. Afisa lishe hufuatilia hali ya watoto na akina mama wajawazito vijijini, na hupanga bajeti ya lishe pamoja na wenzake wa afya, kilimo na elimu.

Hospitali. Mgonjwa wa kisukari, wa figo au aliyeungua moto hawezi kula chochote tu. Lazima awepo mtu wa kupanga chakula chake.

Viwanda. Chumvi inatakiwa iwe na madini joto ili kuzuia rovu. Kanuni zinavitaka viwanda kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta ya kula. Nani ahakikishe vipimo viko sawa?

Utafiti. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Na kazi ipo: mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu.

Kufundisha, mashirika ya misaada na kujiajiri navyo vipo.

Tusidanganyane

Digrii sio tiketi ya ajira. Nafasi za serikali hutangazwa na waombaji huwa wengi. Unaweza kupangiwa wilaya ya mbali, ukapanda pikipiki kwenye matope, halafu mama mkwe wa mtu akakuambia kuwa yeye kalea watoto tisa bila kufundishwa na mtoto wa juzi. Kama huna uvumilivu wa kumsikiliza bibi huyo hadi mwisho, fikiria tena.

Anza sasa

Kemia na Baiolojia ndiyo nguzo, kwa hiyo usizikimbie Kidato cha Pili. Kidato cha Tano, michepuo kama PCB na CBG inafaa, na upo pia CBN wenye somo la chakula na lishe. Sifa za kujiunga hubadilika, hivyo soma mwongozo unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Usitegemee maneno ya kijiweni.

Na mjomba akicheka tena, muulize leo mtoto wake mdogo amekula nini, mbali na ugali. Kisha msikilize. Hapo utakuwa umeshaanza kazi.