Injini mpya za ndege zinavyobana mafuta, na maana yake kwa mzigo wako

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MFANYABIASHARA wa duka la nguo Ipagala anayeagiza mzigo Guangzhou kwa ndege hulipa kwa kilo, na ndani ya bei ya kila kilo yamo mafuta. Kwa mashirika mengi ya ndege, mafuta huchukua kati ya robo na theluthi ya gharama zote.

Wazee wanaikumbuka Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977. Ndege hiyo ilikuwa na injini nne mkiani, zenye kelele na kiu ya mafuta. Julai 2018 Tanzania ilipokea Boeing 787-8 Dreamliner, inayoendeshwa na ATCL. Inabeba abiria 262, wengi kuliko VC10, lakini ina injini mbili tu aina ya Rolls-Royce Trent 1000. Boeing waliitangaza kuwa inatumia mafuta pungufu kwa asilimia 20 hivi kuliko ndege za ukubwa wake za kizazi kilichotangulia.

Siri ya kwanza ni feni ya mbele. Injini za zamani zilipitisha hewa nyingi ndani ya moto na kuitupa nyuma kwa kasi kali, nguvu ikapotea bure. Feni ya Trent 1000 ina upana wa mita 2.85. Kwa kila kilo moja ya hewa inayoingia kwenye moto, karibu kilo 10 hupita pembeni. Kusukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo hula mafuta kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa.

Siri ya pili ni kompresheni. Mwenye mashine ya kusaga ya dizeli anajua kwamba kompresheni ikipungua, mashine hula mafuta na kutoa moshi. Injini hizi hushindilia hewa zaidi ya mara 40 kabla ya kuichoma.

Hata hivyo, faida hiyo ina bei yake. Moto ukiwa mkali, mapanga ya injini huchakaa. Kuanzia mwaka 2016, Trent 1000 nyingi duniani zilipata hitilafu ya mapanga, na Dreamliner kadhaa zikaegeshwa. Mwaka 2022 ndege za ATCL aina ya Airbus A220, zenye injini za kampuni nyingine, nazo zilisimama kwa tatizo la injini. Injini iliyoegeshwa haiokoi hata lita moja.

Kwa Dodoma kuna jambo jingine. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Injini hupata nguvu pungufu, hivyo rubani huhitaji njia ndefu au hupunguza mzigo. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Uwanja wa Msalato imepangwa kuwa na urefu wa kilometa 3.6. Kwa muuza zabibu au nyama ya mbuzi, kilo inayoachwa chini ni fedha iliyopotea.

Je, mfanyabiashara afanye nini? Kwanza, mwulize wakala kama bei ya kilo ina tozo ya mafuta, na kama hupungua mafuta yanaposhuka bei. Pili, linganisha bei ya ndege ya mizigo na ile ya tumbo la ndege ya abiria, ambako safari imeshalipiwa kwa sehemu kubwa na tiketi.

Na ukienda kununua pampu au pawatila inayosifiwa kwa kubana mafuta, uliza kwanza vipuri vinapatikana wapi.