Duka likiungua, bima inalipa nini?

Duka likiungua mtaani, hata majivu hayajapoa utasikia: "Huyo kaunguza mwenyewe apate hela za bima." Shutuma hizo ni za zamani. Mwaka 1957 Waingereza walitoa filamu ya Fortune Is a Woman, ambamo Jack Hawkins anaigiza mkaguzi wa bima anayeitwa kwenye jumba lililopata moto. Baadaye anashuku kwamba michoro ya thamani iliyokatiwa bima ilikuwa nakala tu, ile halisi imeshauzwa.

Kwenye filamu inanoga. Kwa mwenye duka hapa Songea, hesabu yake haikubali. Bima ya moto hufidia hasara, haigawi faida. Mali ya shilingi milioni 8 ukiiandikisha kuwa ya milioni 20, ikiteketea yote utafidiwa thamani yake halisi, na ada ya ziada umeitupa.

Kinachowaumiza wengi ni kinyume chake. Una mali ya milioni 20, unaandika milioni 10 ili ada ipungue. Moto ukila mali ya milioni 8, mikataba mingi itakulipa milioni 4 tu, kwa kuwa uliikatia bima nusu. Muulize wakala kipengele hicho kabla ya kusaini.

Baada ya moto, mkaguzi atataka kujua ulianzia wapi. Ataomba taarifa ya polisi na ya Zimamoto, risiti za mzigo na daftari la mauzo. Hapo hata mkweli hukwama: mzigo aliununua bila risiti, na daftari limeungua humo humo dukani. Simu yako inatosha kuzuia hilo. Piga picha risiti na kurasa za daftari kila wiki, kisha mtumie ndugu aliye mbali na duka.

Anayechoma jengo kwa makusudi anaweza kufungwa maisha chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 319. Na fremu zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Jirani asiye na bima ataungua naye, pengine na mlinzi aliyelala ndani.

Kampuni ikikataa kulipa, dai sababu kwa maandishi. Ukiona umeonewa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Moto ukiwa bado unawaka, namba ya Zimamoto ni 114.