KUNYOOSHA BODI YA GARI NYUMBANI KWA MASHINE YA PINI: MAMBO AMBAYO MKAZI ANAPASWA KUYAJUA

Mlango wa gari hubonyea kwa sababu ndogo: nguzo ya geti, mkokoteni wa maji, au bodaboda iliyopita karibu mno. Bamba lenyewe ni jembamba kuliko wengi wanavyodhani. Katika magari mengi madogo unene wake hauzidi sana milimita 0.7 au 0.8. Kwa miaka mingi mafundi bodi waligonga bamba hilo kwa nyuma, na pale ambapo nyundo haikufika, walitoboa matundu, wakakaza skrubu na kuvuta. Matundu hayo yalifunikwa kwa puti, lakini kwa nyuma yalibaki wazi. Unyevu uliingia, na baada ya masika moja au mbili kutu ilijitokeza pale pale palipotengenezwa.

Mashine ya kuchomelea pini imeondoa haja ya kutoboa. Ndani yake mna transfoma inayopunguza nguvu ya msukumo wa umeme na kuongeza wingi wa mkondo wake. Fundi huweka pini ya chuma, nyembamba kama msumari mdogo, kwenye mdomo wa bastola ya mashine, huigandamiza kwenye bamba lililokwanguliwa rangi, kisha hubonyeza kitufe kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ncha ya pini hupata joto, huwa nyekundu, na hushikamana na bamba. Baada ya kupoa, pini hushikwa na chombo chenye uzito unaoteleza juu ya fimbo, na kila uzito huo unapogonga mwisho wa fimbo, bamba huvutwa kuja nje.

Kwa kuwa mashine hizi sasa zinapatikana kwa ukubwa wa kubebeka mkononi, baadhi ya wakazi wameanza kuzitumia uani. Jambo hilo linawezekana, ila lina masharti yake.

Sharti la kwanza ni kulijua bamba. Sumaku ndogo yatosha. Ikishika imara, bamba ni la chuma. Ikishika kwa udhaifu, huenda pana puti nene ya matengenezo ya zamani, nayo lazima ikwanguliwe kwanza. Isiposhika kabisa, pini za chuma hazifai hapo: bampa za magari mengi ni za plastiki, na Land Rover za zamani, ambazo bado zinaonekana katika barabara za vijijini, zina mabamba mengi ya alumini.

Sharti la pili ni umeme. Mashine hii hudai mkondo mkubwa kwa mkupuo. Ekstensheni yenye waya mwembamba, hasa ikiachwa imeviringishwa, hupata joto na huweza kuyeyusha ganda lake. Inafaa itumike ekstensheni fupi yenye waya mnene, ikunjuliwe yote, na ichomekwe kwenye soketi isiyotumiwa na friji wala pasi kwa wakati huo. Katika nyumba za wapangaji wengi wanaotumia mita moja, ni vyema majirani waarifiwe kabla ya kazi. Saketi breka ikikatika mara kwa mara inasema kweli. Kuizunguka kwa kipande cha waya ni kuialika moto.

Na moto ndio hatari iliyo kuu katika kazi hii, tena ni moto usioonekana. Pini huchomelewa upande wa nje, lakini joto hupenya bamba hadi upande wa ndani, ambako mna sponji, zulia, lami ya kuzuia kelele na nyaya. Vitu hivyo huweza kufukuta polepole ilhali fundi anaendelea kuvuta mbonyeo kwa nje akiamini mambo ni salama. Kwa sababu hiyo vifuniko vya ndani, zulia na sponji vilivyo nyuma ya sehemu inayotengenezwa huondolewa kabla ya pini ya kwanza kuchomelewa. Ubavu wa nyuma wenye mdomo wa tenki la mafuta usiguswe kabisa nyumbani. Ndoo ya mchanga na kizima moto cha unga viwe karibu, na kazi ikiisha, gari likaguliwe tena baada ya nusu saa kwa kuligusa na kulinusa, kabla halijaingizwa ndani au kufunikwa turubai. Moto ukizuka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu kwa namba 114 bila malipo.

Kuhusu kazi yenyewe, kituo hasi cha betri hufunguliwa kwanza. Rangi hukwanguliwa hadi chuma king'ae, na kibanio cha mashine hufungwa kwenye bamba hilo hilo, karibu na mbonyeo. Kikifungwa mbali, mkondo hupitia bawaba na pini haishiki vizuri. Asiye na uzoefu ajaribu kwanza kwenye bamba chakavu, kwani sekunde moja ya ziada hutoboa tundu. Kosa la kawaida ni kuanza na kina cha mbonyeo. Mafundi wazoefu huanza pembeni palipobonyea kidogo, huvuta kwa upole, na huku wakiendelea kuvuta hugonga taratibu kwa nyundo nyepesi ukingo ulioinuka kuuzunguka. Chuma hurudi kwa njia ile ile kilikoingilia. Kikivutwa kwa pupa hunyooka kupita kiasi na kubaki kikidunda kama mfuniko wa debe.

Pini zikishakatwa, visiki husagwa kwa grenda huku vioo vimefunikwa, maana cheche zake hunasa kwenye kioo na hazitoki. Miwani ya kinga ni lazima, na watoto wakae mbali. Puti ipakwe nyembamba, isizidi milimita 3, kwa sababu puti nene hupasuka. Upande wa ndani, mahali joto lilipounguza rangi, pakwe praima ya kuzuia kutu. Hatua hii husahauliwa mara nyingi, na ikisahauliwa hasara ya matundu ya zamani hujirudia.

Yapo matengenezo yasiyofaa kufanywa nyumbani: nguzo za milango, chasisi, na sehemu zilizo karibu na mifuko ya hewa. Gari lililopata ajali lisinyooshwe kabla ya polisi na kampuni ya bima kulikagua.

Anayetengeneza gari lake mwenyewe hahitaji leseni. Anayeanza kupokea magari ya wengine kwa malipo anafanya biashara, naye anawajibika chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972. Maombi hufanywa kupitia mfumo wa TAUSI. Wasio na intaneti wanaweza kufika ofisi ya Biashara ya Halmashauri siku za kazi, na kabla ya kukodi eneo wamwone Mtendaji wa Kata, kwa sababu kelele za grenda na moshi wa rangi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuzua malalamiko ya majirani.