Ukarabati wa Mfumo wa Teke katika Bunduki ya Mchezo wa Video: Mazingira ya Bukoba na Muleba

Teke la bunduki ya mchezo wa video hutokana na solenoidi: umeme unapopita katika koili, usumaku huvuta kiini cha chuma, unapokatika, springi hukirudisha. Kanuni hiyohiyo hutumika katika relei ya stata ya pikipiki, hivyo fundi pikipiki wa Bukoba au Muleba anayo tayari misingi ya ukarabati huu.

Teke linapokoma, chanzo kitafutwe kabla ya kubadili koili. Kwanza, bunduki ichomolewe kwenye umeme, kisha kiini kisukumwe kwa mkono. Kikikwama, hitilafu ni ya kimakanika. Kutu haishangazi mjini Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, penye mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Kikiteleza, koili ipimwe kwa mita. Isipoonesha muunganiko, waya umekatika. Koili iliyoungua huelekeza uchunguzi kwenye transista: ikiwa imepiga shoti, hupitisha umeme mfululizo, na koili mpya itaungua vilevile. Dayodi ya kinga nayo ipimwe, kwani ikifa, msukumo wa volti kutoka kwenye koili huiua transista. Kwa hiyo, mpangilio wa uchunguzi ndio unaookoa gharama.